Asiyeonja Kahawa Yake

"Majani si kahawa!" Asegedech alifoka huku akikoroga punje za kahawa ya majirani kwenye kikaango. "Daktari alisema niache kahawa, nikaacha. Sasa nikose na majani? Mie mbuzi?"

"Hata mbuzi angekusikiliza, mama!" Binti yake Birkinesh, muuguzi wa zahanati pale Bonga, alikuwa amechoka. "Kilichomo kwenye punje kimo kwenye majani. Unashinda unakunywa chemo, halafu unasema vidonge vya moyo havifai."

Chemo yenyewe ni majani ya kahawa yaliyochemshwa na tangawizi na pilipili, na Asegedech alikuwa akiimaliza sufuria kwa sufuria. Moyo ulimdunda hadi watu wa ng'ambo ya mto walidhani ni ngoma ya harusi, wakaja na zawadi.

"Siku nilipoacha vyote, kichwa si nusura kipasuke? Tiba gani hiyo?"

"Mwili umezoea. Kahawa huwahi kukalia viti vya usingizi kichwani, basi mwili ukaongeza viti. Ukiacha ghafla, usingizi unavijaza vyote, mishipa inatanuka, ndiyo maumivu. Vumilia siku chache tu."

"Viti! Kichwani mwangu mna viti, na miaka yote hii nakalia kigoda!"

Alicheka peke yake, kisha kicheko kikamkauka. Leo ilikuwa zamu yake kuwapikia majirani, na mpikaji ndiye anayeonja kwanza, mbele ya wote. Asiyeonja kahawa yake huambiwa kaitia sumu. Bogalech wa nyumba ya pili alimwambia hivyo mwanamke mmoja mwaka juzi, na hadi leo yule mama anakunywa na paka wake.

Asegedech akatwanga, akachemsha, akamimina kikombe cha kwanza.

"Tone moja tu, mwanangu. Wasinikimbie."

"Tone lako ni birika zima. Nitaonja mimi."

"Wewe? Watasema kaogopa, kamtanguliza mwanawe!"

"Waseme! Afadhali waseme ukiwa hai!"

Birkinesh akakishika kikombe. Mama naye hakukiachia. Wakavutana, kahawa ikiwachoma vidole.

"Hodi humu! Harufu imenitoa kwangu bila viatu," Bogalech akaingia, macho moja kwa moja kwenye kikombe. "Haya, nani anaonja?"

Asegedech akakiachia, kikabaki mkononi mwa binti yake.