Nyumba Inayowaka Bila Watu

Mtaani walimwita Kamanda, kwa kuwa alikuwa mlinzi wa ghala na hata nyumbani hakuuvua ulinzi. Kila alipotoka na mkewe aliacha taa, televisheni, redio na feni vikiwaka. "Mwizi haingii penye watu," alisema. Basi nyumba ikawa inakula umeme mwingi ikiwa tupu kuliko wenyewe wakiwamo. Mkewe alimsema mpaka midomo ikamkauka, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Siku hiyo walikwenda hospitali kumjulia hali dada yake Kamanda. Nyuma waliacha mashine ya kuangulia vifaranga, mayai yakikaribia kupasuka. Trei mbili zilizotangulia zilimwozea mke. Aliapa kwamba hii nayo ikiharibika, ataiuza mashine arudi kufua nguo za watu.

Alasiri, walipokata kona ya kwao, mke alisimama ghafla.

"Mume wangu, mbona redio siisikii?"

"Labda stesheni imepotea."

"Na feni nayo imepoteza stesheni?"

Mapazia yalikuwa yametulia tuli. Mke akavua viatu, akatimua mbio. Uniti zilikuwa zimekwisha kwenye mita, na kioo cha mashine kilikuwa kimepoa.

"Nunua umeme! Simu si unayo?"

"Nimeshanunua. Ujumbe wa namba haujaingia."

"Basi chemsha maji, usinisimamie kama nguzo!"

Gesi ikawashwa. Wakayazungushia mayai chupa za maji ya moto, blanketi juu. Mke akaweka yai sikioni. Kimya. Akachukua jingine. Kimya. Kamanda aliitazama simu, akaitikisa, akaitazama tena.

Hatimaye simu ikalia. Akabonyeza namba kwenye mita, akakosea, akaanza upya. Mara nyumba nzima ikazinduka: redio ikapayuka, televisheni ikacheka, feni ikavuma. Kamanda hakungoja kuambiwa. Alipita chumba hadi chumba akizima, mpaka ikabaki mashine peke yake.

"Haya, na wezi?" mkewe akauliza, akiyarudisha mayai kwenye trei bila kuinua macho.

"Waje tu. Watanikuta nimekaa hapa."

"Nyamaza kwanza!"

Alikuwa na yai sikioni. Ndani ya ganda, kitu kilikwaruza kidogo, kikatulia, kikakwaruza tena. Akamsogezea mumewe.

"Sikiliza. Na usipumue kwa nguvu, Kamanda."