Ama Baada ya Hayo

Kampuni iliyoniajiri ina hoteli katika nchi ambazo siwezi hata kuzionyesha kwenye ramani, na mojawapo iko kisiwani kwetu, Uroa, ufukweni. Mimi niko londri. Bibi yangu, ambaye mpaka anakufa alikuwa akiitaja mikarafuu ya baba yake kana kwamba bado ni yetu, hakuacha kunisimanga: mjukuu wake, mtoto wa mjini, anatoka alfajiri kwenda shamba kufua mashuka ya watalii. Nilimjibu kuwa mikarafuu yake haijaninunulia hata kilo ya mchele tangu nizaliwe. Tulicheka, kisha nikawahi gari ya wafanyakazi.

Londri yenyewe ni chumba kisicho na dirisha. Ukutani palikuwa na feni kubwa ya kutoa mvuke nje, nayo ikafa. Mafundi walikuja, wakaitazama, wakaondoka. Mvuke wa mashine na harufu ya dawa ya kung'arishia mashuka vikabaki na sisi. Wengine tulitoka machozi tu, lakini mkongwe wetu mle ndani, tuliyemwita Bi Mkubwa, alianza kukohoa, na kikohozi kikashuka kifuani kikafanya makazi. Alikuwa akipiga pasi kidogo, kisha anakaa kitako juu ya ndoo iliyopinduliwa kutafuta pumzi.

Uroa nzima ilimjua Bi Mkubwa kwa uzuri wa ulimi wake. Yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kupeleka posa za watu, kwa sababu hata wakimkataa hubaki wakimpenda. Kwa hiyo kampuni ilipotangaza kikao cha kusikilizana, na kwamba mkubwa wa makao makuu anakuja kwa ndege kutusikiliza kwa masikio yake mwenyewe, hatukuwa na haja ya kuchagua msemaji. Tulimwambia, "Bi Mkubwa, utusemee feni."

"Ntasema," alijibu. "Lakini mniwache nseme kwa utaratibu, nisiwe kama mtu aliyekuja kuchukua moto."

Tulipangwa ukumbini kwenye viti vya harusi, vyenye vitambaa vyeupe tulivyovifua wenyewe. Kamera ilisimamishwa mbele. Mkubwa alikuwa bwana mnene, mpole, mwenye kutabasamu kila dakika, na pembeni yake alikaa ofisa utumishi wetu, akimtafsiria. Bi Mkubwa akasimama, akajifunga mtandio vizuri, akaanza. Alitoa salamu. Alimwombea mkubwa afya, yeye na mkewe na watoto wake, kama anao. Akashukuru kwa kazi, kwamba mshahara huu umemsaidia kusomesha yatima aliowalea. Akashukuru kwa mchele na tende za Ramadhani. Akaomba radhi mapema, maana ulimi hauna mfupa. Alikuwa akisita kila baada ya maneno machache kuvuta pumzi, na sisi tulimsubiri. Kisha akasema, "Ama baada ya hayo..."

Mtu yeyote wa kisiwa hiki, hata mtoto wa chuo cha Kurani, anajua kuwa hapo ndipo maneno yanapoanza. Yote yaliyotangulia ni kuvua viatu mlangoni. Kwetu humpigi mtu shida usoni kabla hujamjulia hali, na shida ikiwa kubwa, salamu nazo hurefuka. Lakini Bi Mkubwa alikuwa amesita kutafuta pumzi, na ofisa alikuwa ameshatafsiri shukrani zote, na mkubwa akadhani mama wa watu amemaliza. Akapiga makofi. Mameneja wote wakapiga makofi. Kamera ikamsogelea usoni, macho yamemjaa maji kwa kikohozi alichokuwa akikizuia, nao wakayaita machozi ya furaha. Akaletewa maua. Kikao kikafungwa kwa juisi ya embe.

Alikaa na maua yake mapajani. Mtu anakupigia makofi, utamkatizaje? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndivyo tulivyofundishwa. Haya, aliinama. Wenzetu wale wapiga makofi wakadhani anawasujudia.

Kesho yake nilikwenda kwa ofisa utumishi. Mzaliwa wa hapa hapa, mtu wa mjini kama mimi.

"Bi Mkubwa hakumaliza," nilimwambia. "Na wewe unajua kuwa hakumaliza."

Akachezea kalamu yake. "Dada yangu, mkubwa kafurahi. Sasa unataka nkamwambie nini, kuwa furaha yake ya makosa? Kama kuna la zaidi, litie kwenye sanduku la maoni."

Sanduku lenyewe limetundikwa mkabala na mlango wake, ili amwone kila atiaye karatasi. Nilitia. Niliandika feni, nikaandika na jina langu. Mpaka leo sijajibiwa.

Badala ya jibu tuliletewa video. Iliwekwa kwenye televisheni ya mapokezi, wageni wakisubiri funguo zao wanamwona Bi Mkubwa akiishukuru kampuni, na udi unapigwa nyuma yake. Inakatika kwenye kuomba radhi. Nilikuwa nikipita hapo na kigari cha mataulo, roho ikinichoma, kwa sababu yule aliyekuwa akitabasamu kwenye televisheni nilikuwa nimemwacha londri akihema.

Mwisho wa mwaka wakamtangaza mfanyakazi bora. Mkubwa akaja tena, ukumbi ule ule. Bi Mkubwa akapewa cheti na mwavuli wenye nembo ya kampuni, kisha ofisa akamkabidhi maikrofoni, atuambie neno lake zuri. Sauti yake wakati huo ilishakuwa ya kukwaruza. Aliishika ile maikrofoni kwa mikono miwili. Hakutoa salamu.

"Feni ya londri imekufa," alisema. "Kifua changu kimekwisha. Na vya hawa wanangu vitakwisha. Tengenezeni feni."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Ofisa alitafsiri neno kwa neno, safari hii hakuwa na pa kukata. Na walioinamisha vichwa kwa aibu hawakuwa mameneja, tulikuwa sisi. Mpishi mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Masikini, hata salamu!" Mkubwa yeye aliitikia kwa kichwa, akasema anapenda watu wanaosema wazi, na wiki ile ile feni mpya ikafungwa. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu. Nilipoiona inazunguka nilitaka kuitukana.

Bi Mkubwa hakuiona, kifua kilikuwa kimeshamlaza. Nilikwenda kwake kumpelekea habari. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa taabu.

"Feni imefungwa, Bi Mkubwa. Inavuma hasa."

"Alhamdulillahi." Akavuta pumzi. "Yule bwana kakasirika?"

"Bwana gani?"

"Yule mkubwa. Mgeni wa watu katoka kwao, mie skumsalimu hata. Nshajikwaa ulimi mbele ya kadamnasi, mwanangu. Usiku slali kwa haya."

Nilimwambia wenye kustahiki kuona haya ni wao. Nilipaza sauti mbele ya mgonjwa, nikasema mengi, nikawataja mmoja mmoja. Alinisubiri mpaka nikamaliza. Yeye alikuwa na desturi ya kuwasubiri watu wamalize. Kisha akanishika mkono.

"Akija tena, niombee radhi kwake. Mwambie bibi yule hakulelewa hivyo."

"Ntamwambia," nilisema.

Alizikwa kabla ya Ramadhani. Kampuni ilileta shada kubwa la maua lenye utepe na nembo, na kwa kuwa hakuna aliyejua la kulifanyia, lilikaa barazani mpaka mbuzi wakalimaliza.

Mwaka huu mkubwa amekuja tena. Aliingia londri, akaisifu feni, akasema kampuni hii inasikiliza watu wake. Alisimama mbele yangu, akasoma jina langu kifuani, akanisalimu kwa upole kabisa. Ile radhi ya Bi Mkubwa nilikuwa nayo mdomoni. Sikumwomba, na simwombi.