Meza ya Kuyeyushia Risasi

Leo arbab, tajiri wangu wa kazi, ameniambia nichague vipimo vya meza mpya ya kuyeyushia risasi hapa karakana, Dubai Investments Park. Nimeshika tepu, lakini ule moshi mzito wenye utamu wa chuma umenirudisha uani kwetu, Pwani.

Baba alikuwa akiyeyusha risasi na kumimina chubwi za kuzamishia nyavu. Mwaka ule mikono ilianza kumtetemeka, na nyumbani hakuna aliyelizungumza. Akaleta mbao aunde meza mpya. Kwetu meza ya moto haipimwi kwa futi. Anasimamishwa mwenye kuitumia, alama inatiwa chini kidogo ya kiwiko chake, ili asiinue upawa karibu na uso.

Akamwita mama. Mama akaja na unga mikononi, anacheka.

"Meza yako, mbona wanipimia mimi?"

"Simama tu, mke wangu. Kama unavyosimama siku zote."

Mama akaacha kucheka, akasimama. Baba akachora mstari kwa mkaa.

Kisha akaniita mimi. Akaunyoosha mkono wangu juu ya ubao, akaongeza shubiri mbele ya vidole, akasema upana uishie hapo, nisije nikaifikia sufuria kutoka upande wa pili.

Meza ilipokamilika, baba alilazimika kuinama ndipo amimine, kwani alimzidi mama kimo. Nikamwambia amekosea, meza imekuwa fupi.

"Iko sawasawa," akanijibu, akampa mama upawa.