Moto Niliouwasha Mwenyewe

Kwetu Ulemo, mtu akitaka kuchoma shamba kabla ya mvua anawaambia kwanza majirani wa pande zote. Wanakuja na matawi mabichi, wanasimama mpakani mpaka moto uzimike. Mwaka ule sikumwambia mtu. Na jirani yangu wa chini, mjane kama mimi, tulikuwa tumenuniana kwa sababu ya kuku wake waliokuwa wakinifukulia bustani, na mimi nikishanuna, nimenuna. Nikawasha mabua peke yangu saa nane mchana, upepo nao umeamka.

Moto ukavuka mpaka. Ukala jiko lake la nyasi na magunia ya mtama aliyokuwa ameweka humo. Hakuna mtu aliyeungua, namshukuru Mungu. Watu walipofika walinikuta nikipiga moto kwa tawi, wakadhani umetokea mbali ukapita kwangu pia. Wakanipa pole, nikaipokea.

Juu ya shamba langu aliishi mfugaji mgeni na mkewe. Wafugaji huchoma nyasi ili zichipue, basi kila mtu alikuwa na jibu hata kabla ya kuuliza. Kwenye kikao cha kitongoji alikana, akakana tena. Mwenyekiti akanigeukia mimi, mzee wa kanisa, akaniuliza nasemaje.

"Hawa watu si tunawajua," nilisema.

Mfugaji akapewa siku tatu awe amehama.

Na mimi ndiye niliyekuwa mkali wa kutenga watu usharikani! Binti akipata mimba, mlevi akiokotwa njiani, nilitaka wasimame mbele watubu, ndipo warudi kwenye meza ya Bwana. Mkuki kwa nguruwe. Sasa nilipokea kikombe kile kile bila kutubu. Nyumbani hapakuwa na wa kumwambia. Mume wangu alishafariki, watoto wako mijini, na mtu mwenye siri hata akipata wageni anakula peke yake. Kilichonishinda ni habari ya Daudi. Alipoona watu wanakufa kwa kosa lake, alimwambia Mungu kwamba mkosaji ni yeye, hao kondoo wamefanya nini? Habari hiyo nilikuwa nimeifundisha miaka mingi, macho yangu yakiwa kwa wengine.

Jumapili moja nikasimama, nikasema yote. Jirani yangu alilia, kisha akanishika mkono. Usharika ukaimba kunipokea, nami nikazidi kuona aibu, maana aliyefukuzwa hakuwemo.

Nikateremka Shelui, nilikosikia amehamia, nikaulizauliza kwenye mnada wa ng'ombe mpaka nikampata. Aliniamkia shikamoo mama, kama zamani. Nikapiga magoti pale pale kwenye mavi ya ng'ombe, nikamweleza. Akaniinua.

"Nilikuona ukiwasha, mama," alisema. "Nikanyamaza. Nani angeniamini mimi?"

Nilimsihi arudi, kijiji kizima sasa kinajua ukweli. Akatikisa kichwa, akasema yeye angeweza kurudi, mkewe hawezi. Kule Ulemo mkewe hakuwa na rafiki mwingine ila mimi, na siku ya kikao alikuwa amesimama nyuma yangu, akingoja nimtetee mumewe.

Nilipanda basi la kurudi, nikalia mbele ya abiria wote, na hakuna aliyeniuliza nina nini.