Utabibu Ambao Hakuuomba

Hajira Bakary wa kijiji cha Mkotokuyana alikuwa na miaka ishirini na mitatu alipoomba chuo kwa mara ya tatu. Alitaka uuguzi, na hakuwahi kutaka kingine. Mara ya kwanza Fizikia ndiyo iliyomwangusha. Akahamia Nachingwea mjini kwa mama yake mdogo, Mwanaheri. Asubuhi akawa anamsaidia kukaanga vitumbua, na mchana alikwenda kusoma kwa Mwalimu Kipriani, mstaafu aliyewafundisha yeye na rafiki yake Rukaiya kwenye kibaraza cha nyumba yake. Wakarudia mtihani wa kidato cha nne pamoja. Hajira akapata D ya Fizikia na C mbili za Kemia na Baiolojia. Rukaiya akamzidi kote. Wakaomba uuguzi, na wote wawili wakakosa. Nafasi zilikuwa za kuhesabika, waombaji kama siafu.

Mwaka uliofuata Rukaiya alituma maombi yake mapema. Hajira alikuwa kijijini, akimsaidia baba yake kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, na alipokuja kushtuka ilikuwa imebaki siku moja tu. Mtandao wa Nachingwea ulikuwa umekatika tangu juzi yake. Akapanda basi hadi Ruangwa, kwenye duka la steshenari la kijana aitwaye Saturnini, akamtajia vyuo vinne vya uuguzi. Adhuhuri ikaingia, akatoka kwenda kuswali. Aliporudi Saturnini alimwambia maombi yameshakwenda.

Majina ya awamu ya kwanza ya waliochaguliwa yalipotoka, lake halikuwemo. Akarudi shambani. Awamu ya pili simu ikaleta ujumbe kuwa amechaguliwa kusoma utabibu, kozi inayogombewa na wenye alama za juu, ambayo hakuwahi hata kuiulizia. Alidhani ujumbe ni wa Hajira mwingine. Kesho yake akarudi Ruangwa.

"Kaka, mimi sikuomba utabibu," alisema.

Saturnini alifikiri kidogo, kisha akakumbuka. "Ulitaja vinne, dada, na mfumo ulikuwa unataka vitano. Wewe umekwenda kuswali, mtandao unasuasua. Cha tano nikajaza chochote, ikawa hicho cha utabibu, ili usije ukakosa vyote."

Hajira hakujua amshukuru au amlaumu. Nyumbani baba yake alisema ni rizki, na rizki haiulizwi ilipotokea. Mama mdogo Mwanaheri alisema ni jasho lake mwenyewe. Rukaiya, ambaye safari hii pia alikuwa amekosa, alimpongeza, kisha akamuuliza kwa upole alifanya nini tofauti.

Hajira akaenda kwa Mwalimu Kipriani. "Mwalimu, sasa hapa nimepata au nimeokota?"

"Usingekuwa na ile D ya Fizikia, hata angejaza mara mia wasingekuchukua."

"Na kama asingejaza?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Akamuuliza zimebaki siku ngapi za kuthibitisha nafasi.

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Ya kwanza Hajira aliimaliza akikaanga vitumbua vilivyoungua upande mmoja. Alijaribu kujiuliza kama nafasi ile ilikuwa ya Rukaiya, lakini Rukaiya hakuwa ameomba utabibu. Basi ilikuwa ya nani? Siku ya pili, kabla ya magharibi, akathibitisha.

Sasa yuko mwaka wa pili. Anatomia aliirudia mara moja, akapita. Rukaiya alichoka kusubiri, akaingia ualimu, na wanaandikiana karibu kila wiki, ingawa habari za majina na awamu hawazigusi. Kazi Hajira anaipenda, hasa kushona vidonda. Wakufunzi wanamsifu kwa mkono mwepesi. Kama uuguzi angeupenda hivyo, au zaidi, hajui. Akiulizwa chuoni kwa nini alichagua utabibu, siku nyingine husema alitaka kutibu watu, siku nyingine hucheka tu.