Florentine Alivyomfuata Darius Soko kwa Soko

Tangu utotoni meno ya juu ya Florentine yalitangulia midomo. Katika kwaya alisimama safu ya nyuma, ingawa sauti yake ndiyo iliyobeba wimbo. Kazi yake ilikuwa kushona nguo, na pale Baraka, mji ulio kando ya ziwa, mabibi harusi wengi walivaa kazi ya mikono yake.

Siku moja sokoni akamkuta Darius, mwanamume wa koti jeupe aliyejiita dentiste, yaani daktari wa meno. Mezani kwake palikuwa na picha za wasichana wa mjini, waya zinang'aa menoni.

"Dada, mwaka moja tu, meno yote itarudi ndani," alimwambia.

Florentine akaketi kwenye kiti cha plastiki, akafungwa waya.

Wiki ya tatu ufizi ulivimba, usaha ukaanza kutoka. Darius alikuwa ameshahama. Kwenye famasi wakampa vidonge. Shangazi yake akampa maji ya chumvi asukutue. Mwishowe mteja mmoja akamwelekeza hospitali, kwa Placide, muuguzi wa meno. Placide alipoubandua ule waya aliunusa.

"Mama, hii ni gundi ya viatu."

Meno mawili ya mbele hayakuokoka. Placide akayang'oa, kisha akamweleza bila kumficha: "Siye hapa tunang'oa, tunaziba, tunasafisha. Kunyoosha meno ni kazi ya docteur mwenye alisomea ile. Uende Bukavu, uulize."

Akiba ya safari alikuwa nayo. Lakini kila alipojitazama kwenye kioo cha wateja, Bukavu ilimtoka moyoni, ukabaki uso wa Darius. Aliposikia yuko soko la Lulimba, akafunika cherehani, akapanda pikipiki.

Alimkuta amemketisha msichana, koleo mkononi. Hakumtukana. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya meza, akafungua kinywa, pengo lote nje.

"Bamama, mukuye muangalie!" aliita. "Ni huyu njo alinitengeneza."

Msichana akainuka. Watu wakajaa. Darius akakunja meza.

Akamfuata hadi Misisi, kwenye machimbo, nako ikawa hivyo hivyo. Wachimba dhahabu walikuwa wamepanga mstari. Florentine akawapitia mmoja mmoja, kinywa wazi, hadi mstari ukayeyuka. Safari hii Darius alimfuata pembeni.

"Mama, unihurumie. Niko na batoto."

"Batoto yako iko na meno?"

Darius akaitikia kwa kichwa.

"Basi ushukuru Mungu."

Placide alipopata habari alimpigia simu. "Wachia polisi ile mambo, mama. Nauli ya Bukavu inaisha."

"Polisi watamufunga siku mbili," Florentine akajibu. "Mi nataka akose fasi ya kukaa."

Mwezi uliofuata alisikia Darius yuko Kazimia, hana koti tena, anauza vocha za simu. Akaenda kuhakikisha. Alisimama mbele yake, akanunua vocha moja, akaikwangua polepole huku akimtazama usoni. Darius akaanza kufungasha vocha zake. Hiyo ilimtuliza kuliko vidonge vyote alivyomeza.

Akiba ilikuwa imeishia njiani. Alipofika ziwani kupanda boti ya kurudi Baraka, alimpigia Placide, akaulizia meno ya bandia. Kisha akamwachia mwenye boti namba yake: siku akimwona yule muuza vocha anapanda kwenda Kalemie, amjulishe. Huko Kalemie Florentine alikuwa na dada wa kumpokea.