Imondo ya Mama Respa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nitaikumbuka hata nikisahau majina ya wajukuu wangu. Nimeigiza jukwaani tangu nikiwa binti mbichi mpaka hizi mvi unazoziona, na watu hunisifu kwamba nina kipaji. Kipaji, sawa. Lakini kama si hoteli ya Mama Respa nyuma ya ukumbi, hapa mjini Kakamega, kipaji hicho kingeishia kwenye miwa ya baba yangu kule Musanda.

Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja, kuta nyeusi kwa moshi. Tukimaliza kuwaigizia wanafunzi vitabu vyao vya mtihani, tulikimbilia huko kula obusuma kwa ingokho, yaani ugali kwa kuku, rangi zikiwa bado usoni. Mama Respa alikuwa na desturi yake. Imondo, ile firigisi ya kuku ambayo kwetu ni haki ya mwenye nyumba, yeye alimpa mwigizaji aliyewagusa watu zaidi siku hiyo. Nawe unajua, enzi hizo mwanamke wa kwetu alimpika kuku, akawaachia wengine wamle. Basi imondo ilizunguka kwa wanaume, nasi wasichana tukapiga makofi.

Alasiri ya siku hiyo ninayokusimulia niliigiza mama aliyefiwa na mwanawe. Wanafunzi wakaanza kulia ukumbini. Nilipotoka, nilimkuta baba mlangoni amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa amesikia kwamba bintiye anajipaka rangi na kulia uongo mbele za watu, akaja kunirudisha nyumbani. Hakunisalimia. Aliniambia tu nikachukue nguo zangu.

Begi langu lilikuwa kwa Mama Respa, kwa hiyo tukaenda huko pamoja. Njiani niliandaa maneno makali ya kumwaibisha mbele ya wenzangu. Nilikuwa na ulimi, usione nimetulia hivi. Mama Respa alinisoma usoni, akanifinya mkono.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Huyo ni mgeni wangu kwanza."

Akamvutia baba kiti, akamnawisha mikono, akamwekea sahani yenye imondo peke yake.

"Papa, hii hapa kwangu tunapeanga mwenye amefanya kazi poa," akamwambia. "Lakini mzee akiwa ndani, mimi siwezi kugawa. Gawa wewe."

Baba aliwatazama vijana wa kiume, mmoja baada ya mwingine. Nilijua kwamba akimpa mmoja wao, mimi nabeba begi na mambo ya jukwaa yamekwisha.

"Nilifika mapema," akasema mwishowe, bila kunitazama. "Nilikuwa nataka kukutoa huko juu kwa nguvu. Mwalimu mwenye alikuwa karibu na mimi akaanza kulia. Akaniambia ati alizika mtoto wake. Nikashindwa kukutoa."

Akaichukua imondo kwa mkono wake, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula. Kesho uko na kazi."

Nililia machozi ambayo sikuyafanyia mazoezi. Leo Mama Respa ametutoka na pale pana duka la simu. Kila nikipita namshukuru kwa sauti, wapita njia waniona nimechanganyikiwa. Waache waone.

Kwa hiyo, mwanangu, unayetaka jukwaa na nyumbani hawataki, usimshinde mzazi wako kwa maneno. Mwalike aione kazi yako, mpe kiti cha heshima, kisha mwache akubali kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi ruhusa hiyo ya baba ndiyo iliyonibeba miaka yote hii. Na mtu akikusaidia, mtaje kwa jina angali hai akusikie.

Mungu akulainishie mioyo ya wakubwa zako. Na siku watakapokukatalia, akuelekeze kwa mtu wa kukushika mkono kabla hujasema neno la kujutia. Nenda salama, mwanangu, ukaigize.